Masomo yapangwe vipi ili mwanafunzi wa ustawi wa jamii afike nyanjani akiwa tayari?

Swali: "Mimi ni mhadhiri na mratibu wa shahada ya ustawi wa jamii katika tawi la chuo kikuu hapa Malindi. Wanafunzi wetu husoma miaka minne. Mwaka wa kwanza husoma sosholojia, saikolojia, uchumi, takwimu na stadi za mawasiliano. Mwaka wa pili ni nadharia na sera. Mwishoni mwa mwaka wa tatu huenda nyanjani kwa wiki 12. Na mwaka wa nne husoma sheria za familia na watoto, maadili ya kazi na ushauri nasaha, kisha huandika mradi wa utafiti. Mwaka huu msimamizi wa shirika moja alitupigia simu akalalamika kwamba wanafunzi hawajui kumhoji mtu, hawajui sheria, na mmoja wao ameandika majina kamili ya watoto katika ripoti yake. Tena wakifika mwaka wa nne takwimu wameshazisahau zote. Wenzangu wanapendekeza tuongeze masomo mapya matatu na tuweke masharti makali zaidi kuhusu somo lipi litangulie lipi. Mimi nahisi tatizo ni mpangilio, lakini sijui nianze kuhamisha lipi. Nianzie wapi, na niwafanyie nini wanafunzi ambao tayari wamefika katikati?"

Mwalimu mwenzangu, hofu yako ni kwamba wanafunzi wanaketi mbele ya watu wenye shida kabla hawajafunzwa yale ambayo yangewazuia kuwadhuru watu hao, kisha wanafunzwa hayo hayo mwaka unaofuata, wakati madhara, kama yapo, yameshatendeka. Hofu hiyo ina msingi, na hisia yako kwamba kasoro iko katika mpangilio ni sahihi. Ningependa kuongeza jambo moja tu, ambalo ndilo kiini cha jibu hili: kulihamisha somo kutoka mwaka wa nne hadi wa pili ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuhakikisha kwamba kilichofunzwa mwaka wa pili kinatumika tena, kwa uzito zaidi, mwaka wa tatu na wa nne. Idara nyingi hushughulikia nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, na haupiti muda mrefu kabla ya malalamiko kurudi yale yale.

Tuitazame kwanza ile ripoti yenye majina ya watoto. Kabla ya jambo lolote la mtaala, zikusanye nakala zake zote wiki hii, pamoja na ile iliyomo katika kompyuta au simu ya mwanafunzi, na ulijulishe shirika kwamba umefanya hivyo. Kisha jiulize kwa nini ilitokea. Ni rahisi kumlaumu mwanafunzi, lakini kwa miaka mitatu amekuwa akiandika kazi ambazo humpa alama nyingi zaidi kadiri anavyotaja majina, tarehe na mahali. Amekwenda nyanjani akafanya alivyozoeshwa. Ripoti za namna hii huchapishwa katika maduka ya fotokopi ya mjini, zikakaa juu ya kaunta zikisubiri kubanwa kurasa, na mara nyingi nakala hubaki ndani ya kompyuta ya mwenye duka. Na katika mji kama Malindi, kufuta majina peke yake hakutoshi. Ukiandika kwamba msichana wa gredi ya sita anaishi na nyanya yake nyuma ya msikiti fulani wa Maweni, na kwamba mama yake alikuwa akifanya kazi katika hoteli iliyofungwa, mtaa mzima umeshamjua.

Kutambua ni maelezo yapi yanamfichua mtu hata pasipo jina ni stadi, na stadi hupatikana kwa mazoezi. Mpe mwanafunzi ripoti ya kubuni iliyojaa maelezo, mwambie aiandike upya mpaka jirani wa mtoto huyo asiweze kumtambua, kisha mpe mwenzake ajaribu kukisia. Zoezi hilo huchukua asubuhi moja. Halihitaji muhula mzima, wala halina sababu ya kungoja mwaka wa nne. Tena si suala la adabu ya kazi peke yake: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inazilinda habari za mtu binafsi, na habari za watoto zimewekewa masharti ya ziada.

Mpangilio mlio nao umesimama juu ya imani ambayo wengi wetu tuliikuta vyuoni, kwamba mwanafunzi hupewa nadharia yote kwanza, kisha huenda kuitumia. Katika fani yetu hata historia haiungi mkono imani hiyo. Jane Addams, mmoja wa waasisi wa kazi hii, na wenzake walipofungua Hull House, nyumba ya kuwahudumia watu wa mtaani, huko Chicago mwaka 1889, walianza kwa kuishi mtaa mmoja na wahamiaji maskini, na mengi waliyokuja kuyaandika yalitokana na yale waliyoyaona mtaani humo. Mary Richmond naye, mwasisi mwingine wa fani hii, alipochapisha mwaka 1917 maelezo yake ya namna ya kuchunguza hali ya mteja, alikuwa anatia utaratibu katika mambo ambayo wahudumu walikuwa wameyatenda kwa miaka mingi wakipita nyumba hadi nyumba. Nadharia na vitendo vilikua pamoja, na hata leo ndivyo vinavyofunzika vizuri zaidi.

Sababu yake iko katika namna watu wanavyojifunza. Mwanafunzi wa miaka 19 anayesomeshwa takwimu katika muhula wake wa kwanza hajawahi kuwa na swali ambalo takwimu zingelijibu. Anazikariri kwa ajili ya mtihani, anafaulu, halafu anakaa zaidi ya miaka miwili bila ya kuzigusa. Maarifa yasiyoitwa kutumika hufifia, na hilo halitokani na uvivu. Laiti angekutana nazo baada ya kukaa wiki kadhaa katika ofisi ya watoto, akiwa amejiuliza kwa nini kesi za malezi huongezeka miezi fulani na kupungua mingine, angekuwa na pa kuzishikiza. Maadili ya kazi ni hivyo hivyo, ila huko kuna hatari zaidi, kwa kuwa takwimu zikisahaulika anayeumia ni mradi wa utafiti, lakini siri ikivuja anayeumia ni mtu.

Mtaalamu wa mitaala Ralph Tyler alieleza mwaka 1949 kwamba mpangilio mzuri wa masomo hupimwa kwa mambo matatu: jambo muhimu lirudiwe tena na tena, kila likirudi liwe pana na zito zaidi, na masomo yanayofundishwa kwa wakati mmoja yasaidiane. Mitaala yetu huwa na sifa ya pili kwa jina tu, kwa maana kwamba baada ya "Nadharia ya Kwanza" huja "Nadharia ya Pili", na hukosa kabisa ya kwanza na ya tatu. Chukua stadi ya kuhoji. Mwaka wa kwanza mwanafunzi amhoji mwenzake kuhusu jambo jepesi, ajifunze kunyamaza na kungoja jibu. Mwaka wa pili amhoji mtu anayeigiza kufiwa, au baba mwenye hasira. Mwaka wa tatu ajifunze kuzungumza na mtoto bila ya kumtia maneno mdomoni, na kufanya kazi na mkalimani, kwa sababu mzee kutoka Marafa au Langobaya huenda akajieleza kwa Kigiriama tu, na mkalimani aliye karibu ni mjukuu wake. Hapo pana swali zito: je, mjukuu huyo anapaswa kuyasikia yatakayosemwa? Na ikiwa mama aliyepigwa na mumewe amekuja na binti yake wa miaka kumi ndiye amtafsirie, mwanafunzi atafanya nini? Mwanafunzi aliyepita hatua mbili za kwanza anaweza kulibeba swali hilo. Aliyesoma "Stadi za Mawasiliano" mara moja, pamoja na wanafunzi wa biashara, katika ukumbi wa watu mia mbili, hawezi.

Kwa hiyo uliponiuliza uanze kuhamisha lipi, jibu langu ni kwamba usianze kuhamisha. Anza na siku ya kwanza ya mwanafunzi nyanjani, kisha urudi nyuma. Keti na wasimamizi watatu au wanne wanaowapokea wanafunzi wenu, mmoja wa ofisi ya watoto, mmoja wa hospitali, mmoja wa makao ya uokozi, na uwaulize mwanafunzi hupewa kazi gani katika wiki mbili za mwanzo. Utasikia mambo kama kumpokea mteja, kujaza fomu, kuandika kumbukumbu za mazungumzo, kumsindikiza mteja kwa chifu au kituoni, kuzuru nyumbani, kumwelekeza mtu kwenye ofisi nyingine. Yaandike majukumu hayo kwa wima kwenye karatasi kubwa, na masomo yenu yote kwa ulalo, kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kisha kila mhadhiri aonyeshe ni wapi jukumu linaanzishwa, ni wapi linafanyiwa mazoezi, na ni wapi linapimwa. Msijaze kwa kuangalia majina ya masomo. Jazeni kwa kuangalia kinachofanyika darasani kwa kweli. Nimeona karatasi za namna hii zikimaliza mabishano ya muda mrefu ndani ya alasiri moja, kwa sababu kila mtu anaona kwa macho yake kwamba jukumu fulani limeanzishwa mara tano na halijawahi kufanyiwa mazoezi hata mara moja.

Nikupe kesi moja ya kujaribia, ya kubuni lakini ya kawaida mno hapa kwetu. Mama mwenye watoto wawili anaingia ofisini. Mumewe ni mvuvi, amehamia Ngomeni, na hajatuma pesa kwa miezi mitano. Walifunga ndoa ya Kiislamu. Hana hakika kama ameachwa. Afisa ameitwa mahakamani, na mwanafunzi wako ndiye aliyeketi mezani. Mwanafunzi asiyeandaliwa humwambia, kwa huruma ya kweli, "Usijali mama, tutakupatia haki yako," na tayari ametoa ahadi asiyoweza kuitimiza. Aliyeandaliwa husikiliza kwanza. Anajua kwamba Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo inayotumika sasa, si ile ya 2001 ambayo bado imo katika madokezo ya wahadhiri wengi. Anajua pia kwamba Kifungu cha 170 cha Katiba kimeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka katika ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale pande zote zinapokuwa za Waislamu na kuyakubali mamlaka hayo, na kwa hiyo suala la talaka na suala la matunzo ya watoto huenda yakafuata njia mbili. Hamshauri mama kama wakili. Anaandika aliyoyasikia bila ya kuongeza yake, anauliza watoto wamekula nini jana, na anamweleza mama kwamba atamwona afisa akirudi. Sasa angalia karatasi yako: sheria, maadili na ushauri nasaha, yote matatu, mmeyaweka baada ya siku hiyo.

Hapo ndipo utaona la kuhamisha, na mimi ningehamisha mambo manne. Maadili ya kazi yaanze muhula wa kwanza kabisa kama sehemu ya somo la utangulizi, yawe somo kamili mwaka wa pili, na mwaka wa nne ibaki semina ndogo inayoshughulikia mitanziko ambayo wanafunzi wenyewe wamekutana nayo. Sheria za familia na watoto zije mwaka wa pili, pamoja na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na ile ya 2015 ya ulinzi dhidi ya unyanyasaji wa nyumbani. Mwanafunzi hahitaji kuzimudu kama mwanasheria, anahitaji kujua zinamtaka afanye nini na ampeleke nani wapi. Misingi ya mahojiano na ushauri nasaha ije mwaka wa pili, na tiba za kina zibaki mwaka wa nne. Takwimu ziondoke mwaka wa kwanza, zifundishwe mwaka wa tatu zikifuatana na mbinu za utafiti, ili mradi wa mwaka wa nne uanze hali kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Sosholojia na saikolojia ziache mlipoziweka, lakini mwombe mwalimu wa sosholojia atumie mifano ya hapa. Wazee wanaotuhumiwa uchawi huko Magarini na Ganze, ambao nyuma ya tuhuma nyingi mna mgogoro wa ardhi au urithi, ni somo zima la ukoo, mamlaka na mali. Mwanafunzi aliyelielewa hatakwenda kijijini kuhubiri dhidi ya ushirikina, atauliza shamba ni la nani.

Wiki 12 za nyanjani nazo nina neno juu yake, kwa kuwa naona wenzako hawajazigusa. Kwa saa 40 kwa wiki, hizo ni saa 480. Nchini Marekani kiwango cha chini kwa shahada ya kwanza ya fani hii ni saa 400, kwa hiyo idadi yenu si ya aibu, ingawa Uingereza wanafunzi hutakiwa kutimiza siku 200 za mafunzo ya kazi. Kasoro ni kwamba saa zote zinakuja kwa mkupuo mmoja, tena zimechelewa. Mwanafunzi anakosea, muda unakwisha, na hapati nafasi ya pili ya kurekebisha. Huko Uingereza siku hizo hazitolewi zote kwa pamoja, na mwanafunzi hupimwa kama yuko tayari kabla ya kuruhusiwa kukutana na mteja. Kipimo hicho ndicho ningekiiga kabla ya kingine chochote: dakika 20 za mahojiano ya kuigiza mbele ya mhadhiri mmoja na msimamizi mmoja wa nyanjani, ikifuatiwa na ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Asiyefaulu apewe mazoezi zaidi na arudi. Ni chujio la usalama, halikusudiwi kumfukuza mtu chuoni.

Mkiweza, zigaweni wiki hizo: 4 mwishoni mwa mwaka wa pili, 8 mwishoni mwa mwaka wa tatu. Na mzipange kwa kuuangalia mji. Mei na Juni bahari ya kusi inachafuka, hoteli nyingi zimefunga au zimepunguza wafanyakazi, na familia zinazoishi kwa mshahara wa msimu zinabanwa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wakienda miezi hiyo wataona shida za matumizi ya nyumbani na ugomvi unaotokana nazo. Agosti wageni wanarudi, shule zinafungwa, watoto wanashinda ufukweni, na maafisa wa watoto wanakabiliwa na hofu ya aina nyingine kabisa. Wa mwaka wa pili wakienda Agosti, makundi mawili hayatagombania meza moja katika ofisi zile zile chache ambazo hupokea wanafunzi wa vyuo vingine pia.

Kuhusu kuongeza masomo matatu, mimi nisingeongeza. Kila somo jipya linakula saa za mazoezi, na mwanafunzi wenu hakosi mada, anakosa kurudia. Kuhusu masharti makali ya somo lipi litangulie lipi, nakuomba uwe mwangalifu sana. Katika tawi dogo, somo hutolewa mara moja kwa mwaka. Mwanafunzi akianguka katika somo moja lenye sharti, anangoja mwaka mzima, na mara nyingi huyo ndiye mwanafunzi ambaye karo yake inatoka kwa mjomba aliyeuza mbuzi, na mwaka wa kungoja unaweza kuwa ndio mwisho wa masomo yake. Weka sharti pale tu ambapo usalama wa mteja unalitaka: hakuna kwenda nyanjani bila maadili, misingi ya mahojiano na sheria za watoto. Mengine yawe ushauri, si kufuli.

Kuna sababu nyingine mbili zinazovunja mpangilio, na hazionekani katika kitabu chochote cha mtaala. Moja ni wanafunzi wa Januari. Ikiwa tawi lenu hupokea wanafunzi Septemba na Januari, basi kundi la Januari huanza na muhula wa pili, husoma "sehemu ya pili" kabla ya "sehemu ya kwanza", na mpangilio mzuri mlioupigania unakuwa wa nusu ya darasa tu. Suluhisho ni kuifanya mihula miwili ya mwaka wa kwanza isitegemeane, ili mtu aweze kuingilia mlango wowote, na kuanzia mwaka wa pili ndipo mfuatano uwe mkali. Sababu ya pili ni wahadhiri wa muda. Matawi ya pwani hutegemea walimu wanaotoka Mombasa au Kilifi mwishoni mwa juma, na mara nyingi somo hufundishwa muhula fulani kwa kuwa mwalimu wake alipatikana muhula huo. Ukihamisha sheria bila ya kuwa na mtu wa kuifundisha mwaka wa pili, umehamisha jina. Zungumza na mwalimu kabla ya kuandika pendekezo.

Mabadiliko haya yana gharama, na itakuwa vibaya kukuficha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ni mchanga, na wengine watakutana na unajisi, vifo na ukatili mapema zaidi. Tangu mwaka 2023, maiti zaidi ya 400 zilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, hakuna anayefanya kazi hii Malindi ambaye hajui kwamba mhudumu naye huumia kwa anayoyaona; kwa hiyo mafunzo ya kujitunza na kuomba msaada yawekwe kabla ya zile wiki 4 za kwanza, na kazi za wiki hizo ziwe za kutazama na kusaidia, si za kushika kesi. Safari mbili za nyanjani pia ni nauli mara mbili kwa mwanafunzi, na kwa mhadhiri anayekwenda kumkagua, hasa aliye mbali kama Lamu ambako mtu hushuka gari Mokowe na bado ana boti mbele yake. Na mwalimu wa takwimu atalalamika kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu wameisahau hesabu ya sekondari. Atakuwa na haki. Mpe wiki mbili za marudio na usimpunguzie.

Wanafunzi waliofika katikati usiwabadilishie mtaala waliosajiliwa nao; utawavurugia rekodi na huenda wakachelewa kuhitimu. Wafanyieni wiki moja ya matayarisho kabla ya kwenda nyanjani, isiyo na alama lakini ya lazima: usiri na uandishi, mahojiano ya kuigiza, sheria za watoto kwa siku moja na nusu, na namna ya kutoa taarifa ya hatari. Kila mmoja aijue namba 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia, na ajue kwamba akiambiwa na mtoto jambo la kutisha hatakiwi kulichunguza mwenyewe, anatakiwa kumfikishia afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Wanapokuwa nyanjani, wakutane na mhadhiri kila Ijumaa, hata kwa saa moja. Wa mwaka wa nne, ambao wamesharudi, wana hazina kubwa: somo la maadili lililobaki lijengwe juu ya yale yaliyowapata, kila mmoja alete tukio moja aliloliandika upya bila ya kumfichua mtu.

Yako mambo ambayo siwezi kukuamulia kwa maandishi. Ninyi ni tawi, na mtaala ni mali ya chuo kizima. Mratibu wa Malindi hawezi kulihamisha somo peke yake. Kubadilisha kinachofanyika ndani ya wiki za somo kwa kawaida ni jambo la idara, na hilo mnaweza kulianza muhula ujao. Kulihamisha somo kutoka mwaka mmoja hadi mwingine hupitia kitivo na seneti, na mabadiliko makubwa huigusa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Waone ana kwa ana watu wa ofisi ya ubora wa masomo katika chuo mama kabla hujaandika chochote rasmi, uwaulize mabadiliko yako yanahesabiwa kuwa madogo au makubwa, kwani jibu hilo ndilo litakaloamua kama kazi yako ni ya muhula mmoja au ya miaka miwili. Ikiwa kuna mwanafunzi aliyerudi nyanjani halali usiku, au amebadilika tabia, huyo asingoje mtaala. Mpeleke kwa mshauri nasaha wa chuo au hospitalini. Na ukienda kwenye mkutano na idara, chukua ile karatasi ya majukumu, ombi la maandishi kutoka kwa wasimamizi wa nyanjani, na jina la mwalimu aliyekubali kufundisha sheria katika mwaka wa pili.